Shuka za Mke Wangu Nafua Mimi

Shuka za mke wangu nafua mimi. Nasema mapema ili anayetaka kununa anune sasa, na anayeona vibaya ameze wembe. Mimi ni mwanaume mtu mzima, mzaliwa wa Kilimanjaro, nauza zipu na vifungo Kariakoo tangu ujana wangu, na nyumbani kwangu Ilala mashine ya kufulia ipo chumbani, miguuni pa kitanda, pale ambapo wenzangu wanaweka televisheni.

Kiharusi kilimpiga mke wangu upande wa kulia. Mkono ukalala, mguu ukalala, na maneno yakawa yanamjia polepole, moja moja, mengine yanagoma kabisa. Akili yake haikuguswa. Lakini akija mgeni kumwona ananyamaza, maana anaona aibu kuhangaika na neno mbele ya watu, basi mgeni anatoka akisema maskini, hata hatambui. Anatambua sana. Mgeni akishafunga mlango, mke wangu ananiambia gauni lile halikumkaa.

Na kwa kuwa hawezi kuamka haraka, shuka zinachafuka. Ndivyo ilivyo, sioni sababu ya kuzungukazunguka. Mwanzoni nilikuwa nazifua uani kwa beseni, mchana kweupe, mbele ya wapangaji wenzetu. Kina mama wakaanza: eti nimelishwa limbwata. Sasa limbwata gani hilo, la kumlisha mume ili akupende, halafu wewe mwenyewe huwezi hata kushika kijiko? Wanaume wenzangu ndio walikuwa wabaya zaidi. Walinivuta pembeni, wakanishauri kwa sauti ya chini nitafute binti wa kazi, kana kwamba wamenikuta naiba. Niliwaambia kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nikaendelea kusugua.

Wao hawakuniumiza. Aliyeniumiza ni mke wangu, ambaye kila nikibeba lile beseni aligeukia ukutani akalia kimya kimya. Alikuwa radhi alale kwenye unyevu kuliko kuniona nimezamisha mikono kwenye uchafu wake.

Ndiyo maana nikanunua mashine. Mtumba kutoka Ulaya, ile inayofunguliwa kwa mbele, yenye mlango wa kioo wa mviringo. Sikuinunua kwa ufahari. Niliinunua kwa sababu ukishaweka shuka na kufunga mlango, hakuna mkono wa mtu unaogusa kitu mpaka kazi iishe. Fundi akaisawazisha miguu isitembee sakafuni, akavuta maji kutoka kwenye tangi la juu, na mpira wa maji machafu akautoa dirishani mpaka kwenye mfereji wa uani. Wapangaji wakaja kuchungulia, wakasema sasa huyu jamaa amechanganyikiwa rasmi.

Siku za mwanzo zilikuwa mbaya aisee. Nilitia sabuni kama ninavyotia kwenye beseni, kopo zima, maana sisi tumelelewa hivyo: nguo bila povu hujafua, umelowanisha tu. Kioo kikajaa weupe mtupu, nikafurahi. Shuka zikatoka zinateleza, zikakauka ngumu, na harufu bado imo. Mgongo wa mke wangu ukawasha hata akakosa usingizi. Nikaitukana ile mashine matusi yote ninayoyajua, ya Kiswahili na ya Kichaga.

Aliyegundua tatizo ni yeye. Alikuwa anashinda akikitazama kile kioo, hana kingine cha kutazama. Siku moja akaniita, akahangaika na maneno yake mpaka yakatoka.

"Punguza sabuni," akasema. "Nguo hazianguki."

Nikakaa kitandani, tukatazama pamoja. Kweli bwana. Ngoma ya mashine ikizunguka inatakiwa izibebe shuka mpaka juu, kisha iziachie ziporomoke, na huko kuporomoka ndiko kufua kwenyewe, kama bibi zetu walivyokuwa wakipiga nguo juu ya mawe mtoni. Povu likijaa, shuka zinaelea tu, hazipigwi. Halafu mimi nilikuwa nazishindilia mpaka juu, hata pa kuangukia hapakuwepo. Tukajaribu upya: nusu ya ngoma, vijiko viwili vya sabuni, maji ya moto nyuzi sitini. Maji yenyewe yalikuwa kidogo mno, nikawa na wasiwasi. Zilipotoka nikazinusa shuka zote, moja baada ya nyingine. Hazikunuka chochote, hata sabuni hazikunuka. Nikampa naye anuse, akacheka, kicheko cha upande mmoja wa mdomo, na mimi nikalia.

Tangu hapo akawa bosi wa kufua. Mimi ni mikono tu. Ikifika zamu ya kukamua, anasikia kwa masikio kwamba shuka imejiviringisha upande mmoja, anasema imeelemea, nasimamisha naikunjua. Ananikumbusha kufuta mpira wa mlango usiote ukungu, na kuuacha mlango wazi upate hewa. Nikikosea ananisonya. Ukutani hageuki tena. Nilikuwa nimempata mke wangu, jamani, na niliapa hakuna wa kunipokonya.

Ndipo dada yake mkubwa akaja kutoka Moshi. Shemeji yangu huyu simchukii, ni mtu wa kanisa, mchapakazi, amewalea wadogo zake wote. Lakini alikuja na uamuzi wa ukoo mkononi: mgonjwa arudishwe nyumbani, kuna wanawake wa kumwogesha na kumfulia, maana mume kufua shuka za mkewe ni kumvua mke heshima. Nilimwambia mke wangu haendi popote, ng'o. Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonichoma.

"Shemeji," akasema, "unamtunza mtu ambaye hayupo tena. Akili imeshaondoka. Niachie mimi damu yangu."

Aliyasema hayo mke wangu akiwa pale pale, macho wazi. Akamgeukia, akamuuliza kama anavyoulizwa mtoto, unataka twende nyumbani? Mke wangu akafungua mdomo. Neno halikuja. Alihangaika mpaka jasho likamtoka, kisha akafunga mdomo, na shemeji akasema si unaona mwenyewe. Nilitoka nje nikapiga teke ndoo ya watu. Niliogopa, sitadanganya. Kama mke wangu hawezi kusema hapana, mimi ni mtu mmoja mbele ya ukoo mzima, na kaka zake walikuwa tayari wamenipigia simu kunitaka nisiwe mkaidi. Safari ikapangwa iwe Jumamosi. Shemeji akachukua khanga na magauni ya mdogo wake, akayafua kwa mikono uani, povu mpaka viwikoni, mashine ile hakutaka hata kuisogelea. Yalipokauka akayapanga kwenye begi, akaliweka nyuma ya mlango.

Ijumaa mchana nilifunga duka nikarudi kumgeuza mgonjwa, kama kawaida yangu. Nilikuwa nimeiacha mashine inafua shuka za asubuhi. Nikiwa ukumbini nikamsikia shemeji anamwita Yesu. Kumbe alikaa akaichungulia ile mashine, akaona maji hayafiki hata nusu ya kioo na povu hakuna, akajua tu mashine inatudanganya, haifui. Akavuta droo ya sabuni, akamimina pakiti nzima ya sabuni ya kufulia kwa mikono. Sasa povu lilikuwa linatoka kwenye droo, linashuka mbele ya mashine, linaenda chini ya kitanda. Alikuwa anauvuta mlango kwa nguvu zote, na mlango wa mashine hizi haufunguki maji yakiwa ndani. Akauacha, akaenda kwenye soketi kuchomoa waya, mikono inachuruzika maji.

"Usiguse."

Haikuwa sauti yangu. Mimi nilikuwa mlangoni, mguu mmoja ndani. Shemeji akageukia kitandani kama aliyeitwa na marehemu.

Mke wangu alikuwa amejiinua kwa kiwiko cha kushoto. Akasema abonyeze kitufe cha kulia. Akasema amwage maji. Kila neno lilichukua muda wake, na katikati ya neno na neno ulikuwa unasikia povu linavyochemka sakafuni, lakini safari hii hakufunga mdomo. Shemeji akanitazama mimi nimsaidie. Nikaegemea mlango, nikamwambia anayeongea ndiye mwenye mashine, msikilize. Akabonyeza. Maji yakatoka dirishani kwa fujo. Kisha mke wangu akasema siki, ipo kabatini, kidogo, kwenye droo, na asuuze mara mbili. Siki inaua povu, hata mimi nilikuwa sijui. Shemeji akafanya yote, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkali, na povu likaanza kushuka nyuma ya kioo mpaka tukaziona shuka tena, zinapanda na kuanguka.

"Dada," mke wangu akasema. "Hapa kwangu, sabuni napima mimi."

Shemeji akakaa kwenye ukingo wa kitanda, miguu ndani ya maji ya sabuni wala hajali tena, akaushika ule mkono uliolala akaulilia. Akasema kumbe upo. Akarudia, mdogo wangu, kumbe upo, na mimi nimekaa humu nakusema kama kiti.

"Nipo," mke wangu akamjibu. Akapumzika. Kisha akainua mkono wake mzima, akaonyesha nyuma ya mlango.

"Zile za kwenye begi zitoe. Hazijasuuzika."

Shemeji akafuta machozi kwa upande wa khanga, akainuka, akalifungua begi. Akazitoa nguo moja moja akanikabidhi, nami nikazipokea zisubiri zamu, kwa mafungu mawili, maana ngoma haijazwi zaidi ya nusu.