Dirisha Zima, Upepo Nusu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipoingia kwa mama yangu, bibi yako, kule Kamenge, na daftari kwapani kama mkaguzi. Jana ulinionyesha kwenye simu yako madirisha ya nyumba yenu ya Kinindo, umeyapanga kwa bei, la rahisi juu. Nikajiona mimi mwenyewe.

Madirisha ya mbao ya mama yalikuwa yameoza. Mvua ikipiga, maji yalifika mpaka kwenye godoro lake, na kifua chake hakikupatana na unyevu. Nilikuwa nimeanza kufundisha, diploma bado inanukia wino, nikaapa kuyabadilisha yote kabla mvua hazijarudi.

Nikazunguka karakana tatu, nikachora jedwali kwa rula: mbao, chuma, alumini. Nikachagua alumini ya kusukuma pembeni, kama nilivyoiona kwenye majumba ya matajiri wa Kiriri. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko zote, na mimi msomi sikuuliza kwa nini. Kumbe ilikuwa ya fremu tu, kioo na kupachika ni mbali.

Mama alisikiliza jedwali lote kwa heshima. Kisha akanikalisha chumbani kwake, saa nane mchana, akafungua bawa moja la dirisha bovu.

"Unasikia upepo?"

"Kidogo."

Akafungua la pili. Upepo wa ziwa ukaingia, ukapeperusha kurasa za daftari langu.

"Hiyo ya kusukuma, kioo kimoja kinajificha nyuma ya kingine. Mi nilipe dirisha muzima, nipate upepo nusu?"

"Mama, hata Kiriri wanaweka hizo."

"Kiriri wako na mashine ya baridi. Mi niko na we tu."

Kesho yake tulirudi kwa mafundi pamoja. Mama alibeba kamba sita za vipimo, moja kwa kila dirisha, maana marehemu baba alijenga kwa jicho na hakuacha matundu mawili yanayolingana. Mimi nilikuwa nimepima moja, nikazidisha kwa sita.

Kila fundi, mama alimwomba jambo moja: atuonyeshe dirisha lake la zamani, lililokwisha kunyeshewa. Wawili walitoa picha. Wa tatu, mchomeleaji wa chuma kutoka Uvira, alitupeleka kwa jirani yake, akalimwagia ndoo ya maji dirisha alilomtengenezea zamani. Ndani hapakulowa.

"Mama, we ni enjenia?" fundi akacheka.

"Apana. Mi ndiyo nalala mule ndani."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Madirisha ya chuma aliyotutengenezea fundi yule yako pale hadi leo, mabawa mawili mawili, na mama hakulala tena kwenye maji. Majirani walipokuja kuyatazama, aliwaambia, "Mutoto wangu alisoma. Ni yeye alichagua." Nilisimama pale kifua mbele, na fahari yangu yote ilikuwa yeye.

Basi linganisha bei, mwanangu, kuuliza si ujinga. Lakini hakikisha kwanza kwamba bei zote ni za kitu kimoja, kioo na kupachika vikiwa ndani. Pima kila tundu. Kaguse kazi iliyokwisha kupigwa na mvua. Na kabla ya kuchagua, kaa kwanza chumbani na atakayelala humo.

Mungu akupe nyumba isiyovuja, upepo usio nusu, na mtu wa kukusifu kwa kazi aliyoifanya yeye.