Kanga ya Mama Dirishani

Matrah ya utoto wangu ilinuka papa mkavu, na joto lilipoanza harufu ile ilipanda ghorofani mpaka kwenye mito ya kulalia. Nilikuwa na miaka minane. Mimi na mama tulikuwa tumetoka Unguja si zamani, tukaja kukaa kwa bibi, mzazi wake mama, mjane aliyetangulia kurudi Omani miaka mingi kabla yetu. Kule tulikotoka, mtu akizidiwa na joto huenda ufukweni kupunga upepo. Hapa mambo yalikuwa kinyume, nami sikuelewa hata kidogo. Ukiingia msimu wa kaidhi, joto kali la kiangazi, watu wenye jamaa katika miji ya ndani walifunga nyumba, wakaipa bahari mgongo, wakaenda kukaa kwenye mashamba ya mitende mpaka tende zimalizike. Nilimuuliza bibi kwa nini tunaukimbia upepo. Akanambia upepo wa Matrah wakati huo unatoka jikoni kwa shetani, nikaogopa jiko letu kwa muda mrefu.

Mwaka huo mama hakutaka kuondoka. Baba alikuwa amebaki Mombasa akitafuta njia ya kutufuata. Alizaliwa Unguja, Omani hakuwahi kuikanyaga, na mwanamume mwenye haya hawezi kusimama kichochoroni akauliza nyumba ya wanawake kwa majina yao. Kwa hiyo mama alimpelekea salamu kwa mdomo wa jamaa aliyesafiri: ukifika Matrah, tazama madirisha ya juu, utakapoiona kanga uliyoninunulia wewe, ndipo nilipo. Aliifunga kanga hiyo nyekundu kwenye nondo za dirisha, na kila akifagia chumba aliishika pindo kuona kama imekaza. Bibi alikuwa akiipita akikunja uso. Mama alikubali safari kwa sharti moja, kanga ibaki pale pale. Baba akiiona atajua nyumba, atawauliza majirani wenyewe wamekwenda wapi, ataelekezwa.

Tulipanda lori pamoja na magodoro na kuku, tukapita mabonde makavu mpaka Samail, kwenye mashamba ya jamaa zetu. Sikuwahi kuona uzuri kama ule. Maji ya mfereji wa falaji yalipita kivulini, baridi, na sisi watoto tulitia miguu humo huku tukila tende mbichi zilizokuwa bado zina joto la mtini. Siku ya pili mama alikunjua godoro la bibi ili alianike, na kutoka ndani yake ikaanguka ile kanga nyekundu. Alikaa chini mchangani. Bibi alikuwa akichambua tende, wala hakujificha.

"Nimeitoa mimi," alisema. "Huku si Unguja, binti yangu. Nguo ya mwanamke haining'inizwi mbele ya wanaume wapitao njia, tena nyumba haina mtu. Watasema nini?"

"Mume wangu atanipataje?"

"Atakujaje wakati huu, na joto hili? Hata wenyeji wamehama."

"Nnataka kurudi, mama."

Lori lilikuwa limeshakwenda, na wa kumsindikiza mwanamke hakuwapo. Mama alikaa Samail msimu mzima bila kula tende hata moja. Mimi nilichanganyikiwa. Nikicheka, nilimwona mama nikanyamaza. Nikinuna, bibi alinipakata akanitilia halua mdomoni, nikacheka tena. Niliwapenda wote wawili, na ilionekana kama kumpenda mmoja ni kumkosea mwenzake.

Tuliporudi, jirani yetu mzee, aliyebaki kulinda mtaa, alimwamkia bibi mlangoni na kumsimulia kwa Kiarabu kisa alichokiona cha kuchekesha. Kulikuja mtu, mgeni, Kiarabu chake kibovu. Siku kadhaa alitembea vichochoroni akitazama madirisha ya watu. Alipoulizwa anatafuta nini, alisema anatafuta nguo ya mwanamke. Vijana walitaka kumpiga, wakamfukuza mpaka bandarini, naye akapanda meli iliyokuwa ikienda Kuwait. Jirani alicheka peke yake. Bibi aliingia ndani, akakaa ngazini, akajifunika uso kwa ushungi. Mama alimpita akaenda kupika, na nilisikia sufuria tu.

Hatukupata habari za baba mpaka nchi ilipofunguka chini ya sultani mpya, mwaka sabini, waliokuwa nje walipoanza kurudi. Baba alikuja na mke na watoto wawili. Alimwambia mama kwamba alipokosa kanga alijua ameozwa mwengine, akaona haya kuuliza zaidi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia amekaribia sana, nyumba ilikuwa ni hiyo hiyo. Halafu akaniita. "Mpe mkono baba yako." Nilimpa, nikamwambia, "Karibu, ami," kama nilivyowaambia wanaume wote waliokuja kwetu. Hakuna aliyenirekebisha.

Siku hizi ninakaa Azaiba, karibu na bahari, na nyumba zetu zina viyoyozi, hakuna anayekimbia joto. Samail ni mwendo mfupi kwa barabara pana. Wanangu huenda huko Ijumaa kupiga picha penye falaji na kurudi kabla ya magharibi. Mtu akipotea anatumiwa ramani kwenye simu, anafika mlangoni bila kuuliza jina la mtu. Ninafurahi kwa ajili yao, wallahi, lakini bado sijui nimkasirikie nani. Bibi alilinda heshima yetu, baba alilinda haya yake, mama alitimiza ahadi yake. Watoto wangu walimwita baba yangu babu tangu siku ya kwanza, wakamrukia mapajani. Mimi sikuweza kumwita jina lolote. Nikitaka kusema naye, nilikuwa nakaa kimya mpaka anitazame, na nilifanya hivyo mpaka siku alipofumba macho.