Aliyeleta Taarifa za Misiba

Juzi nilikuwa ofisi ya parokia hapa Ifakara nikisubiri cheti cha ubatizo, akaingia bibi mmoja kutoka Masagati. Alimtafuta babu yake kwenye daftari la zamani la vifo. Karani akapekua mpaka ukurasa wa mwisho.

"Bibi, jina hili halipo kwa waliokufa."

Bibi akavaa miwani. "Basi tazama kwa walioleta taarifa. Nyumbani misiba yote alitumwa yeye, maana alikuwa hachoki kutembea."

Kweli! Kila aliyefariki kijijini kwao, aliyekuja kumwandikisha ni babu huyo. Alipokufa yeye, hakuna aliyekuja.

Bibi akapitisha kidole taratibu juu ya jina lile, ukurasa baada ya ukurasa. Kisha akasema, "Sasa mwanangu, mwandike na yeye."

Karani akavuta kalamu. "Nani ameleta taarifa?"

"Mimi, mjukuu wake."

Siku hizi taarifa ya msiba inazunguka kwenye simu kabla mwili haujapoa. Hii ilichelewa kuliko zote nilizowahi kusikia, na ndiyo pekee iliyonifanya nisimame.