Siku Niliyofunga Tena Vifungo vya Shati

Nikiri mapema ili tusisumbuane: mimi ndiye yule mwanamume wa Isingiro aliyeombewa kanisani kwa sababu ya matiti. Najua habari ilifika mbali, maana siku moja nilikuwa Omurushaka nasubiri gari, mtu nisiyemjua akanisalimia vizuri tu, akaniuliza habari za nyumbani, halafu macho yake yakashuka taratibu mpaka kwenye mfuko wa shati langu na kubaki hapo. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye ningetazama pia.

Basi leo naeleza ilivyokuwa, na aliyeniruhusu ni mwanangu Jovin mwenyewe (majina yote nimeyabadilisha, lakini wenyewe mtajijua, na wewe Ma Edigna utajijua kabla ya wote).

Mimi ni mkulima wa kahawa na migomba kama jirani zangu wote, ila kitu kinachonipa jina ni rubisi, pombe yetu ya ndizi. Ukitaka kuoza binti yako na wakwe wasinung'unike, unakuja kwangu, nami nina mtumbwi wa kukamulia ndizi niliochongewa na baba yangu, mti mmoja mzima, unaomeza mikungu mingi ajabu. Ndizi mbivu zinamenywa, zinatiwa humo pamoja na nyasi, halafu wanaume wanaingia kuzikanyaga kwa miguu mpaka maji matamu yatoke. Na anayekanyaga hukanyaga kifua wazi. Hakuna anayekunywa rubisi iliyokanyagwa na mtu mwenye shati la jasho, hilo kwetu halina mjadala, na mimi (sijisifu, naeleza tu) nilikuwa natangulia kuvua hata kabla ndizi hazijamenywa, kwa sababu wakati huo nilikuwa na kifua ambacho nilikiona ni haki ya watu kukiona.

Jovin nilimwingiza kwenye mtumbwi akiwa mdogo, akawa anakanyaga huku anaimba. Alipofika kidato cha kwanza, miaka kumi na minne, akaja siku moja kukanyaga na sweta la shule, jua linawaka, nyuki wanamzunguka. Nikamwambia avue. Akazidi kukanyaga. Nikamwambia tena, kwa ile sauti ya baba, akatoka kwenye mtumbwi, akapita katikati ya migomba na maji ya ndizi yakimchuruzika miguuni, akaenda zake. Nikajua ni kiburi cha sekondari.

Jioni mke wangu akaniambia taratibu, huku anapanga kuni, kwamba mtoto kifua kimeanza kuvimba, pande zote mbili, kinamuuma hata akiguswa na nguo, na kwamba yeye amekuta kanga yake imechanwa vipande, mtoto anajifunga navyo kifuani kila asubuhi mpaka anahema kwa shida. Shuleni wakati wa michezo timu moja huvua mashati ili wajulikane, kwa hiyo siku za michezo haendi tena, anaishia njiani. "Na jana ameniambia anataka kuacha shule," akasema, "aende Mabira kwa mjomba wake akachunge ng'ombe. Nimemuuliza kwa nini. Kasema ng'ombe hawamtazami."

Hilo neno lilinikaa vibaya. Nilikuwa nimemfokea mtoto mbele ya watu kwa jambo ambalo si kosa lake, na sasa alikuwa tayari kutupa masomo yake yote ili tu asitazamwe. Nikasema kesho nafuata dawa.

Sasa hapa ndipo nilipoharibu. Mtu mwenye akili angepanda bodaboda akaenda mbali, kwenye duka la dawa wasikomjua. Lakini mvua ilikuwa imenyesha, barabara ni utelezi, nami nikajiambia ni swali dogo tu, nikaingia dukani kwa Ma Edigna, ambaye kijana wake anakaa dawati moja na Jovin, na ambaye ni mama mwema sana isipokuwa kinywa chake hakina mlango. Nikamweleza kwa kuzungukazunguka, kwamba kuna hali ya kifua, si kikohozi, ni kuvimba, yaani kama kwa kina mama.

"Pole, waitu, ndugu yangu," akasema. "Ni ya nani?"

Nikamwona yule kijana wake nyuma ya pazia anakula mihogo. Nikasema, "Ni yangu."

Maneno mawili. Sikuyapanga, yalitoka tu, nami nikaona nimecheza vizuri kabisa. Ma Edigna akanitazama kifuani kwa muda ambao mwanamke wa heshima hapaswi kuutumia hapo, akaniambia kwa upole kwamba hana dawa ya hilo, niende kituo cha afya nikaonwe. Nami ili nisitoke mikono mitupu (sijui kwa nini niliona aibu kutoka mikono mitupu) nikanunua bendeji. Bendeji, ndugu zangu. Yaani nilimkamilishia hadithi mwenyewe.

Kesho yake ilikuwa siku ya kukamua rubisi ya harusi. Jirani yangu Ta Swithbert (Ta kwetu ni heshima, kama kusema baba) alikuwa anaoza binti, wakwe wanatoka Bweranyange, na wanaume wa kitongoji walikuja asubuhi kusaidia kama kawaida, isipokuwa walikuja wengi kuliko kawaida na hakuna aliyekuwa anazungumza. Kina mama walikuwa kwenye benchi wanamenya ndizi. Jovin alisimama pembeni na mzigo wa nyasi, sweta mwilini. Mimi nikaosha miguu, nikasogea kwenye mtumbwi, nikashika kifungo cha kwanza cha shati, na ule ukimya ukazidi.

Ta Swithbert akakohoa. "Ta Projesti, sisi ni majirani. Kama unaumwa, si vibaya kupumzika."

"Nani anaumwa?"

"Tumesikia umenunua bendeji."

Hapo nikaelewa yote kwa mara moja, masikio yakapata moto. Nikasema haya, kama mmekuja kutazama, tazameni, nikafungua kifungo cha kwanza, nikafungua cha pili kwa hasira, nikiwaza jinsi watakavyoona kifua changu na kurudi makwao kumtukana Ma Edigna. Nilikuwa nimeshika cha tatu, mzee mmoja nyuma akasema, wala si kwa ubaya, alikuwa anafikiri kwa sauti tu: "Kama si yeye, basi ni ya nani? Wanaume wa nyumba hii ni wawili."

Nikageuka nikamtazama Jovin. Alikuwa ameukumbatia ule mzigo wa nyasi kifuani, ameubana kwa mikono yote miwili, na alikuwa ananiangalia vidole. Si uso, vidole. Kifungo cha tatu kingefunguka, watu wote wale wangegeuka upande wake, na kesho yake mtoto wangu angekuwa Mabira.

Nikakifunga. Nikafunga cha pili, nikafunga na cha kwanza, mpaka shingoni, nikasema, "Ni kweli. Ni yangu. Nilikuwa naona aibu."

Kuanzia hapo mambo yakaenda yenyewe. Mzee wa jumuiya akaona ni vema tuombe hapohapo, akaniwekea mkono begani (kifuani aliogopa), akamwomba Mungu amrudishie ndugu yetu Projesti umbo lake. Kina mama wakaitikia kwa huruma ya kweli kabisa. Bibi mmoja akaniuliza kama yanatoa maziwa. Nikamwambia hapana, shikamoo, akaitika marahaba akasema basi nishukuru. Kijana mmoja akauliza je, isije ikawa ni hii rubisi yenyewe inayofanya hivi, na nikaona wanaume watatu wanajishika vifua kwa siri.

Wakaniondoa kwenye mtumbwi. Kwa heshima, lakini wakaniondoa, kwa sababu kifua wazi siwezi na shati haliruhusiwi. Wakaingia vijana wa Ta Swithbert, wakakanyaga hovyo kama wanaua nyoka, na mimi mwenye mtumbwi nikakaa kwenye benchi na kina mama kumenya ndizi. Kina mama walinisogelea wakaanza kunishauri namna ya kulala. Mke wangu, anayejua kifua changu kuliko mtu yeyote, alimenya ndizi bila kuinua macho, mabega yanamtikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka. Nikimuuliza anasema vyote.

Jumapili padri akasoma nia za misa, na mojawapo ikawa yangu, kwa jina. Sitaki kuizungumzia zaidi ya hapo.

Lakini Jumapili hiyohiyo, tulipotoka kanisani, Jovin akatembea na mimi, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi. Tulikwenda mpaka watu wengine wakabaki nyuma. Kisha akasema, "Baba, kwa nini hukuvua?"

"Kulikuwa na baridi."

"Hakukuwa na baridi."

"Basi haikuwepo."

Tulipofika kwenye kahawa zetu akasema, akitazama mbele, "Huko kituo cha afya, tunaweza kwenda wote?"

Tulikwenda. Daktari kijana alifunga mlango, akampima Jovin kwa adabu, akambonyeza hapa na pale, akamuuliza kama kuna maji yanayotoka au uvimbe mgumu, hapakuwa na kitu. Akamwambia ni balehe tu, mwili wa mvulana ukianza kukua huchanganya mambo kidogo, na inawapata wavulana wengi ila kila mmoja anajificha anadhani ni yeye peke yake. Akasema haina haja ya dawa wala kuchanjwa chale, asijifunge vitambaa maana vinamuumiza na kumbana pumzi, mara nyingi inaondoka yenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili, na ikikaa zaidi au ikibadilika turudi. Jovin akamuuliza mara mbili, "Wengi?" Daktari akasema wengi. Mwanangu akapumua nikamsikia. Nami nikajifanya nasoma bango la kunawa mikono.

Tulipotoka daktari akaniuliza, "Na wewe mzee, niliambiwa nawe una tatizo hilo?" Yaani hata huko ilikuwa imefika.

Mke wangu alikwenda kuzungumza na mwalimu wa michezo, bila kutaja mtu, na timu zikaanza kutofautishwa kwa vitambaa vya mkononi badala ya kuvua mashati. Jovin akarudi uwanjani. Habari za Mabira sikuzisikia tena. Uvimbe ulichukua muda, kuna siku alirudi amenuna na mama yake akamkalia karibu, lakini ukapungua, ukapungua, na sasa yupo kidato cha nne, ndiye anayetangulia kwenye mtumbwi, kifua wazi, anaimba vibaya kama zamani.

Mimi ndiye nisiyevua. Nikivua leo, hesabu ya yule mzee inarudi palepale, kwa hiyo nimehamia kwenye benchi, namenya ndizi na kina mama kwenye jua kali nimefunga vifungo mpaka shingoni. Nimeapa sitaingia tena duka la Ma Edigna hata nikiumwa nini, na nimeapa sitasema tena neno "yangu" kabla sijahesabu waliopo nyuma ya pazia. Jovin aliniambia mwezi uliopita, "Baba, sasa waambie tu, uvue." Nikawa karibu kukubali.

Ila wiki iliyofuata tukiwa tunakamua, akaja Ta Swithbert, yule yule wa bendeji. Akazunguka mtumbwi, akasifia ndizi, akaulizia miche ya kahawa ambayo najua haihitaji, mwishowe akanivuta pembeni ya benchi, kina mama walipokwenda kuteka maji.

"Ta Projesti. Ile hali yako. Iliishaje?"

"Kwa nini?"

Akatazama chini. "Imenianza mimi."

Nikamtazama. Alikuwa na fulana nyepesi, na kifua kimenyooka kama ubao. Nikatazama nyuma yake, njiani, nikamwona kijana wake, kitinda mimba, ameshikilia baiskeli, jua la saa nane, amevaa sweta.

Sikumuuliza kitu. Nikamweleza yote aliyosema daktari, neno kwa neno, kwamba asijifunge vitambaa, kwamba aende akaonwe, na kwamba inawapata wengi. Akarudia kwa kunong'ona ili asisahau hata moja. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na watu wakijua?"

Nikafunga kifungo kilichokuwa kimelegea, nikasogea kwenye benchi, nikavuta beseni la ndizi likae katikati yetu.

"Kaa hapa," nikamwambia. "Nafasi ipo."