Fundi Bomba wa Azaiba

Tangu arudi kutoka Pakistani mwaka 1988, Msellem alijulikana Azaiba nzima, hapo Maskati, kwa kazi moja: fundi bomba. Mfereji wa jikoni ukivuja, aitwe Msellem. Pampu ikigoma, Msellem. Hakuna aliyemuuliza kule alifanya nini, na yeye, mdomo mzito kuliko spana zake, hakusema.

Mwaka 2002 aliulizwa. Binti yake Hind, wa miaka tisa, alikuwa na tundu moyoni, na daktari aliyekubali kuliziba yuko Marekani. Mama yake Hind alishafariki. Bila ya baba hakuna wa kumpeleka. Ubalozini walitaka kujua jambo moja: mwaka 1987 alikuwa Peshawar akifanya nini?

"Nikifunga pampu za maji kambi za wakimbizi wa Kiafghani," alijibu kwa Kiarabu. Ilikuwa kweli, kwa miezi minne ya mwanzo.

Afisa akafungua faili, akatoa barua kuukuu ya Kiswahili, ile Msellem aliyomwandikia mama yake zamani. Hakuitia yeye kwenye makaratasi yake. Asubuhi ile mama yake, Bi Nunu, alimwambia, "Nshakutilia dua yangu humo, mwanangu." Kumbe dua yenyewe ndiyo hiyo!

Mkalimani, Buthaina, alikuwa mzaliwa wa Maskati, Kiswahili amekiokota kwa bibi yake. Akasoma polepole: "Mama, usiwe na khofu. Jana tumewapakia nyumbu masanduku saba ya mabomba. Katuletea rais wa Marekani, anataka Warusi watoke na ukomunisti wao." Akatafsiri, na Msellem, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, akasikia mabomba yamegeuka mabomu.

Kalamu ya afisa ikasimama.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya Msellem ilikwenda miaka kumi na tano kabla ya kumfikisha ukutani. Angeweza kusema: naam, yalikuwa mabomu, na mliyatuma nyinyi. Rais wenu wa wakati ule alituita wapigania uhuru, akapiga picha na wenye vilemba ofisini kwake. Lakini mwaka mmoja baada ya yale majumba mawili marefu ya Marekani kuanguka, nani angemsikiliza? Hasira ilimpanda. Akamkumbuka Hind anavyopanda ngazi, anasimama kila baada ya kidato, midomo imemgeuka buluu. Akaimeza.

"Mabomba, binti yangu," alimwambia mkalimani, akicheka kicheko kikavu. "Si mabomu. Mimi fundi bomba."

Akaomba karatasi, akachora pampu ya mkono: mpini, bomba refu, mdomo wa kutokea maji. Alichora bila ya kufuta, maana pampu alizijua.

Afisa akautazama mchoro, akavitazama viganja vyenye sugu. Akatabasamu, akaandika, akagonga muhuri.

Mlangoni Buthaina alimfuata, uso umemwiva kwa haya. "Nisamehe, ammi. Nusura nikuharibie safari ya mtoto. Kiswahili changu cha jikoni."

Msellem akatazama chini. Neno moja tu alilibadilisha zamani zile, mabomu akayaandika mabomba, mama yake apate usingizi. Katika wote walioisoma barua ile, huyu peke yake aliyeifahamu ilivyo, na sasa ndiye anayeomba radhi. Aibu ilimkata maini.

"Kiswahili chako hakina kosa, mwanangu," alisema, akaenda zake kumchukua Hind.