Nilivyokaribia kumpoteza pacha wangu mmoja, na chupa za maziwa zimejaa

Wakuu, salamu kwenu. Shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazituma.

Mimi ni bibi wa miaka themanini na kitu, naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Nimesoma uzi wa dada anayehangaika kulisha mapacha kwa chupa, nikaona nisinyamaze. Hii si chai, yamenikuta mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Kariakoo, nyumba ya vyumba sita karibu na Msimbazi. Mume wangu alikuwa fundi wa reli, kwenye karakana ya mtaa wa Gerezani. Nina miaka kumi na tisa, nimejifungua mapacha wa kike, Hasina na Husna. Wamefanana mpaka mimi mama yao nababaika.

Wiki ya tatu nikashikwa na homa kali, maziwa yakakauka. Nesi akanifundisha maziwa ya unga: chemsha maji, chemsha chupa, chemsha na chuchu za mpira. Chupa enzi hizo za kioo, ikidondoka ndiyo basi.

Mama mkwe akaja kunisaidia. Utaratibu wetu: mtoto akilia, aliye karibu anamlisha. Hasina tulimjua kwa kanga ya njano, Husna nyekundu.

Hapo ndipo tulipokosea.

Siku moja kanga zote zilikuwa kwenye kamba, mbichi. Watoto tukawafunika tulichokipata. Mmoja analia kila saa, mwenzake kalala tu. Tukawa tunamsifia. "Huyu mpole kama babu yake," mama mkwe anasema.

Saa tisa alasiri akaingia jirani wa chumba cha mbele, Mama Eliamani, mwanamke wa Kichaga asiye na maneno mengi. Akambeba yule mpole. Akamshika nepi.

"Mbona kavu? Huyu kala saa ngapi?"

"Mama kamlisha," nikajibu.

Mama mkwe akageuka pale kwenye jiko la mkaa. "Mimi? Mimi nimemlisha anayelia. Huyu si umemlisha wewe, mwanangu?"

Nikainuka ghafla. Na mimi nilikuwa namlisha anayelia.

Tangu asubuhi, pengine tangu jana yake, mmoja kala zamu zote. Mwenzake hajapata hata tone.

Utosi umebonyea, midomo imekauka. Nikamtia chuchu mdomoni, hanyonyi. Mama mkwe akaanza kusoma dua.

"Wewe baki na huyo mwingine, mama, dua isomee hapa hapa," Mama Eliamani akasema. "Sisi tunaenda hospitali."

Nilikimbia pekupeku, mtoto kifuani, katikati ya mikokoteni na wauza ndizi. Kila baada ya hatua chache nasimama nisikie kama anapumua. Mama Eliamani yuko mbele anapiga kelele, "Tupisheni! Tupisheni jamani!"

Kufika, nesi akauliza, "Jina la mtoto?"

Nikamtazama usoni, sijui ni Hasina au Husna. Akauliza tena. Nikasema "Husna" kwa kubahatisha, nikaangua kilio mbele za watu.

Wakamnywesha kwa kijiko, tone kwa tone. Kama saa nzima hivi, kimya. Halafu akakohoa, akalia. Kilio chembamba, cha hasira. Nesi akacheka, mimi nikakaa chini sakafuni.

Tuliporudi nyumbani nilimfunga uzi mweusi mkononi, nikasema huyu ndiye Husna, basi. Hadi leo sijui kama siku anazaliwa ndiye niliyempa jina hilo. Yeye mwenyewe ana wajukuu sasa, nimemwambia, akacheka.

Nikabadilisha na ulishaji. Nakaa mkekani, mgongo ukutani, mto kila upande. Mmoja kulia, mmoja kushoto, vichwa vimeinuka, chupa mbili kwa pamoja, nawatazama wote. Mmoja akichoka namcheulisha, mwenzake anaendelea. Akilala saa yake ya kula, namwamsha. Wakimaliza, napiga mstari wa mkaa ukutani upande wa kila mmoja. Mama mkwe akawa mkali wa hiyo mistari kuliko mimi.

Somo nililopata: anayelia kashajisemea. Aliyenyamaza ndiye wa kumkagua.

Wazazi wa mapacha mliomo humu, ninyi mnawatofautishaje? Na kuna mwingine aliyewahi kumlisha mmoja mara mbili, au niko peke yangu? Semeni tu, bibi yenu hahukumu mtu.