Swichi zenye akili nyumbani kwa Mama

"Kaka, hizi swichi ziko na akili kuliko siye wote. Mama hatainuka tena kwa ajili ya taa."

Ni maneno ya mdogo wangu, anayeishi Kinshasa na kuwasha taa za Mama hapa Nyakasanza, Bunia, kwa simu yake.

Leo nimeiona hiyo akili.

Bunia umeme ukikatika, hatuzimi taa. Tunaiacha, ili balbu ituambie umeme umerudi. Na Mama ana pumu. Mashine yake ya kuvuta dawa haina betri.

Saa tisa mchana nimemkuta kitini, anahema kwa shida, macho kwenye balbu.

"Mama, mbona hujavuta dawa?"

"Nivute na nini? Courant haiko."

Jirani amecheka ng'ambo ya ua: "Muzee, courant iko tangu saa sita! Siye tumemaliza hata kupiga pasi!"

Nimechomeka mashine. Imenguruma papo hapo.

Kumbe umeme ukirudi, swichi hizo hubaki zimezima mpaka mwenye simu aamuru. Mwenye simu alikuwa mkutanoni.

Masaa matatu, jamani! Umeme uko ukutani, Mama anakosa pumzi.

Nimempigia mdogo wangu. "Ah, kaka, ni réglage tu, nabadilisha kwa simu."

Réglage!

Basi ninyi ndugu zangu mliomsifu kwa swichi hizi kwenye grupu ya familia, semeni hapa chini ya posti hii: nani alimuuliza Mama?

Na weye, mdogo wangu, andika hapa chini, mbele ya wote, kwamba kesho asubuhi fundi anazing'oa.